Bagamoyo kwa siku moja ukitokea Dar: mwongozo wa anayekwenda mara ya kwanza

Kila sikukuu ikikaribia, maswali ni yaleyale. Bagamoyo unafikaje kama huna gari? Siku moja inatosha? Watoto watafurahi au watalia njia nzima? Kiongozi wa kutembeza wageni ni lazima? Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Kwa ufupi: unafika kwa daladala, siku moja inatosha ukiamka mapema, watoto watafurahi mkimalizia ufukweni badala ya kuanzia huko, na kiongozi si lazima kila mahali ila Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale nje kidogo ya Bagamoyo, ninamshauri.

Wengi wanaorudi wamenuna hawakukosa pesa wala usafiri. Walikosea mpangilio. Walifika saa 6 mchana, wakaenda moja kwa moja kula samaki, wakajilaza mchangani, na walipokuja kukumbuka magofu mlinzi alikuwa anafunga geti. Kanuni ninayoifuata ni kuanza na kilicho mbali kabisa, yaani Kaole, halafu kurudi taratibu kuelekea mjini na stendi. Hatua zote hapa chini zimepangwa hivyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho. Cha taifa, cha mpiga kura, leseni, au cha shule kwa mwanafunzi. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni kutoka nje vimepishana sana, na ukifika mikono mitupu utabaki kubishana getini huku jua linapanda.
- Pesa za aina mbili: taslimu ndogondogo kwa ajili ya daladala, bajaji na mama lishe, na salio kwenye simu kwa ajili ya viingilio. Maeneo ya serikali mara nyingi unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu. Mwenye noti ya elfu kumi peke yake atapata tabu pande zote mbili, maana asubuhi hakuna mwenye chenji.
- Viatu vilivyofunika vidole. Magofu ya Kaole yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na yale hayana huruma na mguu wa kandambili.
- Nguo za heshima. Mtapita kwenye msikiti wa kale, makaburi na kanisa, tena katika mji wa pwani. Akina dada wabebe kanga au kitenge cha kujifunga, kaka zangu waache kaptula fupi. Nguo za kuogelea ziwe ndani ya begi.
- Maji, kofia, na simu iliyojaa chaji.
- Kikapu au mfuko mbadala. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.
- Dawa ya mbu, kama mnapanga kukaa hadi magharibi.

Chagua siku vizuri

Jumamosi ndiyo siku nzuri kuliko zote. Jumapili asubuhi kwenye misheni ya Kikatoliki wako kwenye Misa, na jioni barabara ya kurudi Dar ina foleni ya watu wote walioamka na wazo kama lako. Ijumaa inawezekana, ila mchana wakati wa sala ya jamaa shughuli nyingi husimama kidogo. Mwezi wa Ramadhani mama lishe wengi hawapiki mchana: beba chakula cha watoto na mle mahali pa faragha. Machi hadi Mei ni masika, na tope la huko nje ya mji utalikumbuka. Juni hadi Septemba upepo wa kusi hupoza mwili na kutembea kunakuwa raha.

Kuna jambo ambalo watu wa bara hawaliulizi, nalo lina uzito kuliko mvua: maji ya bahari. Pwani ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Maji yakitoka, yanatoka kweli. Unabaki na uwanja mpana wa mchanga na tope, na mtoto aliyeahidiwa bahari anakuuliza bahari iko wapi. Angalia mwezi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji hujaa na kutoka kuliko kawaida, na kwenye pwani yetu siku hizo maji hukauka kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu saa moja. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu, mambo yanageuka: yamejaa asubuhi, jioni yametoka. Kwa mpangilio wa mwongozo huu mtafika ufukweni saa 10 jioni, kwa hiyo Jumamosi iliyo karibu na bamvua ndiyo yenu.

Hatua kwa hatua

1. Toka nyumbani saa 12 asubuhi. Si saa 2. Kutoka katikati ya Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70, lakini kipande cha mwanzo hadi Bunju ndicho kinachokula muda. Daladala za Bagamoyo zinapatikana Makumbusho. Anayekaa Tegeta au Bunju asirudi nyuma hadi Makumbusho. Asubiri kituoni kwake, ingawa huenda akasimama.

Nauli muulize abiria aliyekaa, usimuulize mpiga debe. Nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ipo, na abiria wa kila siku anaijua kwa kichwa.

2. Kaa upande wa kushoto. Gari linaelekea kaskazini, jua la asubuhi liko kulia, na mapazia ya daladala unayajua mwenyewe. Mwenye mtoto mdogo aamue mapema. Konda atakuja na maneno yake: "Mama, mpakate huyo, hapa wanakaa wanne." Ukimpakata hulipi, ukitaka akae kwenye siti, lipa siti na ujibu kwa upole tu, "Huyu nimemlipia, mwanangu." Hapo hana la kuongeza.

Mtapita Boko, Bunju, Mapinga na Kerege. Baada ya Mapinga nyumba zinapungua, minazi na miembe inaanza, na hapo ndipo watoto huamka. Andaa saa mbili za njiani, na nusu saa ya ziada kwa yasiyotarajiwa.

3. Stendi ya Bagamoyo: tafuta usafiri wa Kaole hapohapo. Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji. Familia ichukue bajaji, mtu mmoja au wawili bodaboda. Patana safari nzima kabla hujakaa, na useme yote kwa sentensi moja:

"Kaka, Kaole kwenda na kurudi, utatusubiri saa moja na nusu, halafu utushushe Ngome Kongwe. Bei ya mwenyeji."

Atataja bei. Kaa kimya kidogo. Atacheka, ataishusha. Lipa nusu mkifika Kaole na nusu mkirudishwa, la sivyo mtatoka kwenye magofu mkute vumbi lake tu.

*Kosa la kawaida:* kwenda Kaole kwa miguu kupitia ufukweni kwa sababu ramani ya simu inaonyesha ni karibu. Njia hiyo ina sehemu zisizo na watu, na wageni wamewahi kuporwa huko. Pia maji yakijaa njia inakatika. Pitia barabarani.

4. Kaole: tumia saa moja na nusu, usikimbie. Lipa kiingilio, chukua risiti, na hapa mchukue kiongozi. Mawe bila maelezo yanachosha haraka, hasa watoto.

Mtakachokiona ni mabaki ya mji wa Waswahili ulioanza kama karne ya 13: misikiti miwili na makaburi 22. Ingia kwenye msikiti mkubwa uangalie kibla, jinsi mawe ya matumbawe yalivyochongwa. Jiwe hilo likitolewa baharini likiwa bichi huchongeka kirahisi, likikauka linakuwa gumu. Kisha nenda kwenye makaburi yenye nguzo. Sogea karibu na utafute vishimo vya mviringo: humo vilipachikwa vyombo vya kauri kutoka China. Waulize watoto sahani ya China ilifikaje Kaole kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana pwani hii, uone watakavyojibu. Vipande vya vyombo vyenyewe vimehifadhiwa kwenye makumbusho madogo hapohapo.

Kaburi la Sharifa mtaonyeshwa. Bado watu huja kuomba dua pale, kwa hiyo mkikuta mtu amekaa, ngojeni amalize, na picha muache. Kuna pia mbuyu mkubwa ambao husemwa ukiuzunguka unaongeza umri. Zungukeni, hakuna tozo.

Mwisho muulize kiongozi bahari ilikuwa wapi. Atawanyooshea mikoko. Bandari ya zamani ilijaa mchanga na mikoko ikaota, ndiyo maana mji wa bandari leo uko mbali na maji.

5. Mji Mkongwe: tembea kwa miguu kutoka Ngome Kongwe kuelekea kaskazini. Mwenye bajaji awashushe Ngome, jengo lililoanzishwa 1860 na tajiri wa Kiarabu, likapita mikononi mwa Sultani na Wajerumani, baadaye likawa la polisi. Kutoka hapo barabara ya zamani inawapeleka moja kwa moja: milango ya kuchonga, baraza za mawe, nyumba nyingine zimekarabatiwa na nyingine zimebaki kuta zenye miti juu yake. Usiegemee kuta hizo na watoto wasipande.

Boma la Wajerumani la mwaka 1897 hamtalikosa. Hadi 1891 Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, kisha wakahamia Dar es Salaam. Sababu moja ni ile ile ya maji niliyoitaja juu: meli kubwa za mvuke zilishindwa kusogea, zikatia nanga mbali, wakati Dar ina bandari ya kina. Mkiona jahazi limelala ubavu mchangani maji yakiwa yametoka, ndiyo hesabu waliyoipiga wenzetu wale.

Waeleze watoto pia kwamba Wajerumani hawakupokewa kwa vigelegele. Mwaka 1888 pwani nzima ilisimama dhidi yao, Abushiri bin Salim akiwa mbele, na mwaka uliofuata wakamnyonga Pangani. Bagamoyo kuna alama ya mahali ambapo wengine walinyongwa.

Caravanserai, iliyo upande wa ndani wa mji, ilikuwa kituo cha misafara ya bara. Hapa nina angalizo. Baadhi ya waongozaji watakuambia kila chumba chenye giza kilikuwa jela ya watumwa. Watumwa walipita Bagamoyo, hilo halina ubishi, lakini biashara kubwa iliyoujaza mji huu karne ya 19 ilikuwa pembe za ndovu, na walioleta mizigo hiyo kutoka Tabora na Ujiji walikuwa kwa sehemu kubwa wapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi wengi wakiwemo. Muulize kiongozi wako kuhusu wapagazi. Akiwa anajua kazi yake, hapo ndipo atakapochangamka.

*Kosa la kawaida:* kupiga picha nyumba za watu na akina mama barazani kana kwamba nao ni magofu. Toa salamu kwanza. "Shikamoo bibi, naomba kupiga picha mlango wako" inafungua mlango wenyewe, na mara nyingine unakaribishwa kahawa.

6. Saa 7 mchana: chakula. Shuka soko la samaki, ufukweni. Samaki wa kukaanga, pweza, kamba, mihogo na chipsi vyote vipo. Chagua samaki anayekaangwa mbele yako, si yule aliyelala kwenye sinia tangu asubuhi. Anayetaka samaki mbichi wa kupeleka nyumbani asinunue saa hii. Hakuna barafu ya kumfikisha Dar salama ukiwa bado una nusu siku mbele. Wali wa nazi na mchuzi utaupata kwa mama lishe wa mjini kwa bei ndogo zaidi ya hoteli za ufukweni. Hoteli ni nzuri, lakini ukiagiza pale jiandae kusubiri. Nimeona familia zikipoteza mchana mzima kwa sahani nne za kuku.

7. Saa 8 hadi saa 9 na nusu: misheni ya Kikatoliki. Chukua bajaji hadi mwanzo wa barabara ya miembe, kisha tembeeni chini ya kivuli chake hadi ndani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni hii 1868 na kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Makumbusho yake ndiyo ninayoyapenda kuliko yote mjini: picha za zamani, minyororo, pembe, barua. Kama una dakika arobaini tu za makumbusho siku nzima, zitumie hapa.

Wageni wengi huja kwa ajili ya kanisa dogo ambalo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Sawa, angalieni. Lakini hadithi yenyewe ni ya waliombeba. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, Susi na Chuma wakiongoza, waliukausha mwili wake na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi hapa, kwa miezi mingi, wakipita nchi ambazo kubeba maiti kulitosha kuleta vita. Jina kubwa limeenda kwa aliyebebwa. Simulieni upande huu pia.

Nje kuna mbuyu wenye kipande cha mnyororo kinachochungulia kwenye shina. Mnyororo ulifungwa zamani na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. Watoto hukaa hapo kuliko mahali pengine popote.

8. Saa 10 jioni: ufukweni. Sasa ndiyo wakati wake. Mtu mzima mmoja abaki na vitu, mwingine aingie majini na watoto. Anayependa ngoma apite TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Mara nyingine utakuta mazoezi, na kila mwaka huwa na tamasha. Wakati wa tamasha vyumba vya kulala huwa adimu na nauli za bajaji hupanda.

9. Saa 11 na nusu muwe stendi. Magari ya moja kwa moja hupungua kadiri giza linavyoingia, na Jumapili yanajaa kabla hujafika mlangoni. Wasafi na waliokauka waingie kwanza kushika siti, wenye mchanga wajikung'ute nje. Konda atakushukuru.

Usichanganye na Saadani. Swali hili huulizwa kila mara: "Si ni njia hiyohiyo?" Saadani ni hifadhi ya taifa, ina taratibu na viingilio vyake, na inataka gari na siku yake. Mkijaribu vyote viwili kwa siku moja mtaona lami tu.

Mambo yakiharibika

*Mvua imewakuta asubuhi.* Geuza mpangilio: anza na makumbusho ya misheni, kisha mjini, Kaole iwe ya mwisho kama mvua imekata. Bajaji zikikataa kwenda Kaole kwa sababu ya tope, waamini.

*Malipo ya simu yamegoma.* Jaribu laini nyingine, au mwombe mhudumu namba nyingine ya malipo. Ukilazimika kutoa taslimu, usiondoke bila stakabadhi.

*Mlango umefungwa saa ya kazi.* Uliza duka la jirani. Mara nyingi mhudumu ameenda kusali au kula, na mtu ana namba yake. Msisubiri zaidi ya dakika ishirini, endeleeni na kinachofuata.

*Kuna kijana anawafuata akieleza historia bila kuombwa.* Mkatae mapema, kabla hajamaliza jengo la kwanza: "Ahsante kaka, tuna mwenyeji wetu." Ukimwacha aongee mpaka mwisho, atadai malipo, na kusema kweli atakuwa na haki kiasi.

*Mtoto amechoka saa 6 mchana.* Kata matembezi ya Mji Mkongwe, nendeni kula, halafu misheni kwenye kivuli. Mji utauona siku nyingine.

*Maji yametoka mlipofika ufukweni.* Msiyafuate maji mbali. Yakirudi hurudi haraka, na kwenye tope kuna vitu vyenye miiba. Okoteni kome karibu, chezeni mpira.

*Mmekosa gari la Makumbusho.* Pandeni lolote linalokwenda Bunju au Tegeta, mkabadilishe huko. Daladala za mjini hufanya kazi hadi usiku. Usichukue bodaboda hadi Dar usiku, hata akupunguzie bei vipi. Yakishindikana kabisa, tafuteni gesti mjini, ulizeni bei na muone chumba na chandarua kabla ya kulipa. Gari la kwanza asubuhi huondoka mapema sana, kwa hiyo muulizeni mhudumu wa gesti usiku uleule ni saa ngapi.